Rekodi Iliyopanda Pikipiki

Jumapili iliyopita niliwaacha mahali pabaya. Nilikuwa kwenye benchi la kibanda cha soto, supu yetu ya kuku, kijiko kiko nusu ya njia kwenda mdomoni, na Bu Hapsari, mama mwenyekiti wa klabu yetu, amesimama mbele yangu na simu mkononi, anasema, "Wening, kuna jambo nataka ulieleze mbele ya wenzako."

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ni Wening, nina miaka arobaini na mitatu, nafua nguo za watu kwa kilo hapa Klaten, kisiwani Java, na nina ugonjwa mmoja tu usio na dawa, kukimbia na kuendesha baiskeli. Baiskeli yangu ya kwanza ilikatika katikati ya soko, nikabaki na usukani mkononi. Mbwa wa fundi vioo akanitafuna muundi. Halafu kidingapopo kikanilaza siku tano, na ndani ya siku hizo tano ikaja ile Alhamisi.

Katika klabu yetu ya Melati, kila mwanamke anakimbia Alhamisi asubuhi, na saa ya mkononi ndiyo shahidi. Ukimaliza, mbio zako zinajipeleka zenyewe kwenye simu za wenzako: umbali, muda, na mstari mwekundu wa njia uliyopita. Mimi nilikuwa na Alhamisi themanini na nane mfululizo. Mume wangu, Mas Jito, alikuwa anazijua hizo kuliko tarehe ya ndoa yetu.

Basi Alhamisi ile niko kitandani naongea na dari, yeye akanivua saa, akaivaa, akawasha pikipiki kwenda kuuza tahu, vile vipande vyeupe vya soya iliyogandishwa, kama kila siku. Tahu ni laini, linakaa kwenye ndoo za maji nyuma ya pikipiki, na ukienda kasi linavunjika. Kwa hiyo alikwenda polepole. Maskini, alidhani polepole yake ndiyo mbio zangu. Tena kila aliposimama kwa mteja alibonyeza kitufe cha kusimamisha muda, maana alishaniona nikifanya hivyo kwenye taa za barabarani.

Kilomita nane, dakika ishirini na sita.

Nilipopata nafuu, simu ilikuwa imejaa pongezi. Wenzangu walikuja kunitazama na machungwa, wakaapa kwamba homa ile ililetwa na kukimbia kupita kiasi. Na kwa muda ule klabu ilikuwa imeshanichagua kwenda mbio za Agosti, zile za kukimbia, kupanda baiskeli, kisha kukimbia tena. Kila klabu ya wilaya inapeleka mwanamke mmoja tu. Miaka sita nimeililia nafasi hiyo, na miaka sita imekwenda kwa Bu Hapsari.

Nilijua muda ule si wangu. Nikanyamaza wiki tatu nzima. Hilo ndilo ninaloliungama leo, mengine yote sijutii hata kidogo.

Haya, turudi kwenye soto.

"Nieleze nini, Bu?" nikauliza.

Bu Hapsari ni mwenyekiti wetu, mke wa daktari wa meno, ana miaka hamsini na mmoja. Baiskeli yake unainyanyua kwa kidole. Hapazi sauti hata akikasirika, na ndiyo maana watu wanamwogopa.

Akailaza simu mezani, kati ya mabakuli na sahani ya tempe, vitafunio vya soya vya kukaanga, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Hii njia yako ya Alhamisi ile. Umetoka kwako, umepita msikitini, umeingia mtaani kwangu. Ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hapa mstari unaingia getini kwangu. Unazunguka nyumba. Unafika mlango wa jikoni, kisha unarudi barabarani." Akanikazia macho. "Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ulifuata nini jikoni kwangu?"

Wanawake kumi na mmoja wakaacha kutafuna.

Mbak Tutik, muuza vipodozi, rafiki yangu ambaye mdomo wake hauna breki, akajaribu kuniokoa. "Labda alibanwa, Bu. Mkimbiaji akibanwa hachagui choo."

"Basi alibanwa mara kumi na moja," akasema Bu Hapsari. "Nimehesabu. Mstari umeingia kwenye majiko kumi na moja."

Watu wakacheka hadi benchi likatikisika. Mimi sikucheka. Masikio yalikuwa ya moto.

"Kwangu, kwa mlango ule saa ile anaingia mtu mmoja tu," akaendelea. "Yule anayemuuzia msaidizi wangu tahu."

Vichwa vyote vikageuka. Kwa bahati yangu mbaya, muuza tahu mwenyewe alikuwa palepale, ameinama kwenye ndoo anamhesabia mwenye kibanda vipande vyake. Mas Jito akanyanyuka polepole, maji yakimchuruzika viganjani.

"Kosa langu, Bu," akasema. "Mke wangu hajui lolote. Alikuwa hoi. Mimi ndiye niliyevaa saa. Msimlaumu."

"Hajui?" Bu Hapsari akaniuliza mimi, si yeye.

Ningeweza kukubali kinga ile. Mume ameshajitolea, aibu ameshaibeba, mimi kazi yangu ilikuwa kuinamisha kichwa tu na kujifuta machozi. Nusu ya wanawake wale wangenikumbatia. Lakini nilimtazama Mas Jito pale, suruali imelowa, watu wanamcheka kwa kosa alilolifanya kwa kunipenda, nikaona bora nipasuke.

"Kaa chini, Mas," nikamwambia. Nikasimama mimi. "Nilijua. Nimejua siku ishirini na moja. Mlinipigia makofi, yakanoga, nikanyamaza. Muda ule ni wa pikipiki."

Mbak Tutik akajipiga paji la uso.

"Umesema mwenyewe," akasema Bu Hapsari. "Basi nafasi inarudi."

"Inarudi kwa nani?"

"Kwa mwenye muda unaofuata."

"Na huyo ni nani, Bu?"

Mbak Tutik akakohoa. "Ni yeye mwenyewe," akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi kwenye sufuria.

Hapo ndipo pepo langu lilipopanda. Nisameheni, nilikuwa na makosa, lakini hata mwenye makosa ana kikomo.

"Ifuteni Alhamisi ile," nikasema. "Futeni mbele yangu nione. Zinabaki themanini na nane, na zote nimezikimbia kwa miguu hii yenye alama za meno ya mbwa. Bu Hapsari, kama unaitaka nafasi, njoo uichukue barabarani. Usiichukulie kwenye simu."

"Sawa. Panga siku."

"Sasa hivi."

"Tumetoka kula, Wening."

"Wewe bakuli mbili, mimi moja. Nitakuvumilia."

Wanawake wakaanza kugonga vijiko kwenye meza. Bu Hapsari alitazama huku na huku, akaona hakuna wa kumtetea, akainama kukaza kamba za raba zake. Tukakubaliana: hadi geti la kiwanda cha zamani cha sukari, uliguse, urudi kibandani. Kilomita sita. Mbak Tutik atatufuata kwa baiskeli awe mwamuzi.

Mas Jito akanishika mkono. "Dik, mke wangu, daktari alisema upumzike mwezi mzima."

"Daktari hajawahi kuumbuliwa mbele ya soto, Mas. Niachie."

Akaniachia. Hajui kunikatalia, na hilo nalo ni sehemu ya matatizo yetu.

Kilomita ya kwanza niliongoza. Nilikimbia kwa hasira, na hasira ni nzuri kwa kilomita moja tu. Ya pili, nikasikia hatua zake nyuma yangu, tap tap tap, hazina haraka. Ya tatu alikuwa mbele. Alipoligusa geti la kiwanda na kugeuka tulipishana uso kwa uso, na hakunidhihaki hata kwa jicho. Hilo liliniuma zaidi.

Mimi nililigusa geti, nikageuka, na soto yote ikarudi ilikotoka. Niliimwaga pembeni ya shamba la miwa, mikono magotini, dunia inazunguka. Homa ilikuwa imeondoka na nguvu zangu, nami sikuwa na habari.

"Njoo nikupakie!" Mbak Tutik akasimamisha baiskeli. "Umekuwa mweupe kama tahu la mumeo!"

"Sipakiwi!"

"Utakufa hapa, na maiti yako mimi siibebi!"

"Basi nitakufa na tai shingoni. Pisha njia!"

"Mwanamke una kichwa kigumu wewe! Haya, kimbia basi, unangoja nini? Kashaenda!"

Nikakimbia. Sikumbuki vizuri kilomita zilizofuata. Nakumbuka Mbak Tutik pembeni yangu anatukana bila kupumzika, mara ananitukana mimi, mara Bu Hapsari, mara mbu aliyenipa homa. Mgongo wa Bu Hapsari ulikuwa mbali, kitone cha zambarau. Nilijua nimeshindwa. Nikasema moyoni, sawa, nimeshindwa, lakini nitafika kwa miguu.

Halafu kengele ikalia.

Mita mia nne kabla ya kibanda kuna makutano ya reli. Kizuizi kikashuka taratibu mbele ya pua ya Bu Hapsari. Akasimama. Pikipiki zikajipanga, watu wakamshangaa mama wa watu anayehema kwa nguo za zambarau. Nami nikaja, nikaja, hadi nikasimama karibu naye bega kwa bega. Treni yenyewe haikuonekana.

Tulihema pamoja. Nilikuwa natafuta neno la kumchoma nalo. Akanitangulia.

"Wening," akasema chini chini, macho kwenye reli. "Goti langu linapasuliwa Septemba."

Nikalitazama. Chini ya suruali ya kubana kulikuwa na bandeji nene, na goti limevimba upande mmoja.

"Daktari anasema nitatembea vizuri tu. Kukimbia, nisahau. Agosti hii ndiyo ya mwisho kwangu. Wewe utakuwa na nyingine nyingi."

Roho iliniuma, siwezi kuwadanganya. Miaka sita nilidhani anaishikilia nafasi ile kwa majivuno. Kumbe naye ana ugonjwa wangu uleule, na wake sasa umepata tarehe.

"Mbona hukusema kule mezani?"

"Niseme nini? Mwenyekiti anaomba mumhurumie?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Ungekuwa wewe ungesema?"

"Nisingesema."

"Basi."

Treni ikaanza kusikika kwa mbali. Nilijua anachoniomba. Nilijua pia kwamba ningeweza kupunguza mwendo kidogo tu, hatua mbili tatu, na asijue mtu. Mwili wangu wote ulikuwa unaniomba nifanye hivyo.

"Bu," nikasema, "ungenifuata nyumbani wiki iliyopita ukaniambia haya, ningekupa nafasi na soksi zangu juu. Wallahi ningekupa. Lakini leo umenifunua mbele ya mume wangu, na ulichofunua ni kweli. Nikikuachia sasa, watu watasema hata zile themanini na nane zilikuwa za pikipiki."

"Najua."

"Kwa hiyo kimbia. Na goti lako hilohilo. Mimi sikuhurumii."

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Mjinga sana wewe," akasema.

"Ndiyo, Bu."

Treni ikapita na kutufunika kwa vumbi. Kizuizi kikapanda. Tukachomoka kabla hakijafika juu, mlinzi wa reli anapiga filimbi, pikipiki zinapiga honi, Mbak Tutik nyuma yetu anapiga ukelele. Mita mia nne zile sitazisahau. Hakuna aliyempa mwenzake hata inchi. Nilimsikia akiguna kila alipokanyaga mguu wa kushoto, nami nikaongeza mwendo, nikijichukia na kuongeza tena. Niliishika nguzo ya kibanda hatua nne kabla yake.

Wanawake walipiga kelele, sijui wanamshangilia nani. Mas Jito alinidaka nisianguke, akanimwagia kichwani maji ya ndoo ya tahu, maana hakuona mengine karibu.

Bu Hapsari alikaa chini kwenye vumbi, mguu umenyooka. Alipopata pumzi akainua mkono, kibanda kizima kikanyamaza.

"Nafasi ni ya Wening," akasema. "Ameipata kwa miguu, nimeona kwa macho yangu. Kuanzia leo asiwepo wa kumnyooshea kidole."

Nadhani hapo ndipo ningetakiwa kwenda nyumbani nikalale. Mimi na bahati yangu hatujui kulala.

"Bado kitu kimoja, Bu," nikasema. "Ile ishirini na sita imeshapelekwa kwa waandaaji na jina langu. Iondolewe."

"Kweli. Ni simu moja tu." Akampigia mwandaaji wa mbio, mzee mmoja anayeitwa Pak Wirawan, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Klabu ya Melati!" mzee akapokea kwa furaha. "Habari za mwanamke wetu wa dakika ishirini na sita? Tumemweka mstari wa kwanza kabisa. Bango tumeshatundika, uso wake mkubwa hivi!"

"Ndiyo hilo, Pak," akasema Bu Hapsari. "Kuna marekebisho kidogo kwenye muda wake."

Furaha ikamtoka mzee sautini.

"Marekebisho gani? Bu Hapsari, nisikilize vizuri. Mwaka huu tumechoshwa na watu wanaokodi vijana wawavalie saa na kuwakimbilia. Tumepitisha sheria mwezi uliopita. Ukiletwa muda wa uongo, haondolewi mkimbiaji peke yake, inaondolewa klabu nzima. Miaka mitatu."

"Hatukukodi mtu, Pak."

"Sikuuliza habari za kukodi. Nauliza mara moja, na jibu naliandika hapa nilipo. Muda huu ni wake, au si wake?"

Bu Hapsari akaiziba simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nikisema ni wake," akaniambia taratibu, "Agosti utasimama na wale wanaolipwa kukimbia, wakuache kwenye kona ya kwanza, wilaya nzima ikuzomee. Nikisema si wake, hapa hakimbii mtu miaka mitatu."

"Sema ni wake!" mmoja wa wanawake akalia kwa nyuma. "Wening, usituponze jamani! Sisi tumekosa nini?"

"Kuzomewa hakuui," Mbak Tutik akanivuta sikio. "Sema ndiyo, halafu siku hiyo unajifanya umeteguka. Nitakufunga bandeji mimi mwenyewe."

Nikamtazama Mas Jito. Alikuwa amekumbatia ndoo yake tupu, machozi yanamlengalenga, midomo inatamka bila sauti: sema ndiyo, Dik, sema ndiyo.

"Halo?" simu ikasema ndani ya kiganja. "Bado mpo?"

"Wewe unasemaje, Bu?" nikamuuliza Bu Hapsari. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sote: angekosa hata kusimama pembeni kuona klabu yake ikikimbia.

Akaondoa kiganja, akaninyooshea simu.

"Saa ile si yangu," akasema.

Niliipokea. Niliwatazama wote kumi na wawili, mmoja mmoja, nikajua kesho huenda hakuna hata mmoja atakayeniletea nguo za kufua. Wiki tatu nilikuwa nimebebwa na pikipiki. Sikuwa tayari kubebwa tena, hata hatua moja.

"Halo, Pak. Naitwa Wening. Shika kalamu," nikasema. "Andika jina langu, la klabu liache. Alhamisi ile nilikuwa kitandani."